Seng'enge zote hizi kutoka Bagamoyo mpaka Pangani zinazuia nini? Nguruwe anapita, pongo anakufa

Kijana wa Makofia (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na bando la kutosha aweke alama arudi usiku.

Anayepita njia ya Makofia kwenda Makurunge mpaka mto Wami ameona yanayoendelea. Pori lililokuwa wazi limekatwa vipande kwa nguzo na seng'enge, nyaya nne, tano, wengine sita. Ukichungulia ndani hamna shamba, hamna ng'ombe, hamna hata kibanda cha mlinzi. Majani yamemea mpaka kiunoni. Mwenyewe yuko Dar, alisikia lami ya Bagamoyo–Pangani–Tanga inakuja, akanunua, akazungushia, akaondoka.

Juzi nimemkuta pongo jike kwenye mojawapo ya hizo. Nilidhani ni gunia limetundikwa. Mguu wa nyuma mmoja ulikuwa umebanwa kati ya waya wa juu kabisa na unaofuata, na zile nyaya mbili zilikuwa zimejisokota kama kamba, kwato iko juu, kichwa kiko chini. Ngozi ya paja imevuliwa mpaka kwenye mshipa. Upande aliokuwa anauendea, udongo umechimbwa nusu duara kwa miguu ya mbele, maana yake hakufa upesi. Ilikuwa imebaki mita chache awe amevuka.

Wanaoujua uzio watanisahihisha, ila nilivyoelewa inakwenda hivi. Mnyama akiruka hukunja miguu ya nyuma chini ya tumbo. Waya wa juu ukiwa juu kidogo kuliko alivyokadiria, au asipouona vizuri kwa ajili ya giza na majani, kwato hupita chini ya waya wa juu na juu ya ule wa pili. Mwili umeshavuka, uzito wote unaangukia ng'ambo, nyaya zinapishana na kumfunga. Kadiri anavyovuta ndivyo miba inavyozama. Nyaya hizo mbili zikiwa karibu karibu ndiyo hatari zaidi.

Hoja yangu ni hii: seng'enge haimzuii mnyama anayetutia hasara, inamuua asiyetudai kitu. Na huku kwetu nyingi hazilindi chochote. Karibuni.

Bushiri wa leo

Pole kwa pongo. Nyama iliishia wapi mkuu? 😂

Kijana wa Makofia

Bushiri acha hizo. Niliita mtendaji wa kijiji, naye akampigia afisa wanyamapori.

Wakili Msomi Uchwara

Umefanya la maana, na anayecheka asome hapa. Mnyama akifa kwenye uzio wako hawi wako. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 wanyamapori ni mali ya umma, na kukutwa na nyama, ngozi au pembe bila kibali ni kukutwa na nyara za serikali. Maelezo ya "nimemkuta amekufa kwenye waya wangu" utayatoa ukiwa tayari uko kizimbani. Ripoti kwanza, usichinje, usiburuze.

Mkulima wa Miono

Nyie watu wa simu mnanichekesha. Pongo mmoja tu uzi mzima! Mimi msimu uliopita nguruwe walilala kwenye mihogo yangu wiki nzima kama wamepanga. Mahindi yakibeba tu, nyani mchana, nguruwe usiku. Hakuna aliyenifungulia uzi. Kifuta jasho cha serikali hakinirudishii msimu. Nikipata hela ya seng'enge naweka, tena nyaya saba, na akinasa mnyama basi bahati yake mbaya. Mtoto wangu anakula mihogo, hali pongo wa kutazama.

Kijana wa Makofia

Kaka, uchungu wako nauelewa na sikatai. Ila niambie kwa uzoefu wako: nguruwe mwitu seng'enge inamzuia? Nyani je?

Mkulima wa Miono

Nyani hapana, yule anapanda. Nguruwe... anainua waya wa chini kwa pua, ukikaza sana anachimba. Lakini unamchelewesha.

Kijana wa Makofia

Na tembo?

Mkulima wa Miono

Tembo usimtaje.

Fundi Nguzo Handeni

Nimesoma kimya, sasa mmeingia kwenye kazi yangu. Nafunga uzio Handeni, Kilindi, Pangani, na nimefunga mwingi Bagamoyo, pengine hata wa huyo pongo. Nasema kama fundi.

Tembo anasukuma nguzo kwa kifua au analaza kwa mguu, miba kwake ni kujikuna. Nyati akiamua anapita na waya anaondoka nao. Nguruwe kama alivyosema mkulima. Nyani na ngedere wanakaa juu yake wakitafuna mahindi yako. Wanaobaki ndio wanaonasa: pongo, kuro, tohe, kongoni, na swala akiwepo. Funo na paa wanapita chini, ila ukishusha waya wa chini mpaka sentimita 15 unachubua migongo yao, na watoto wanabaki upande wa pili wakilia. Twiga nimemwona mmoja ameburuza waya shingoni... sipendi hata kusimulia.

Mteja akija anataka nini? Uzio mrefu, nyaya nyingi, miba mingi, akidhani ndiyo usalama. Ng'ombe wa kienyeji haendi kuruka mita moja na nusu, jamani. Waya wa juu kwenye sentimita 105 unamtosha. Vipimo ninavyopendekeza kwa nyaya nne, kutoka ardhini: wa kwanza 45, wa pili 60, wa tatu 75, wa nne 105. Angalieni hapo: kati ya wa tatu na wa nne nimeacha 30 nzima. Siyo bahati mbaya. Hiyo nafasi ndiyo inayofanya nyaya mbili za juu zisijisokote kwenye mguu wa anayeruka. Na wa juu na wa chini visiwe seng'enge, viwe waya laini wa mabati, geji 12 unakaza vizuri. Miba inabaki katikati, pale ng'ombe anapoegemea kifua. Ng'ombe kazuiwa, pongo karuka, funo kapita chini, kila mtu na njia yake.

Na gharama haiongezeki. Waya laini kwa mita ni rahisi kuliko seng'enge.

Mama Mbuzi Kilindi

Fundi umeongea vizuri mpaka ulipofika sentimita 45. Mimi nafuga mbuzi. Mbuzi wangu akiona sentimita 45 anasema asante na kwenda kwa jirani. Sasa?

Fundi Nguzo Handeni

Mama, kwa mbuzi sina uongo, vipimo vile havifai. Mbuzi anataka wavu au waya wa karibu karibu chini. Ushauri wangu: usizungushie pori zima wavu. Zungushia zizi na malisho ya karibu na nyumbani, kule mbali achunge mtoto. Ila usiweke wavu chini halafu waya mmoja wa miba juu yake. Huo mtindo nauona sana na ndio mbaya kuliko yote: wavu unazuia mnyama kupita chini, kwa hiyo kila mmoja lazima aruke, na mguu ukiteleza kati ya wavu na ule waya hautoki.

Ndege Mrefu

Fundi hapo kwenye wavu na waya mmoja wa juu umegonga. Kuna watafiti wa Marekani walipita kando ya nyuzio kwenye majimbo ya Utah na Colorado, kazi yao ikachapishwa mwaka 2006, na aina hiyo hiyo ndiyo ilionekana kuua zaidi. Kwa wastani wao, kila kilomita 4 za uzio zinanasa na kuua mnyama mmoja mwenye kwato kwa mwaka. Watoto walinasa mara nane kuliko wakubwa. Wengine hawakunasa kabisa, walikutwa wamekufa kando ya uzio: mama karuka, mtoto kashindwa, kabaki pale pale anasubiri.

Kule ni kulungu wa kwao na swala wao, huku hatuna hesabu ya namna hiyo, lakini mguu ni mguu. Na seng'enge yenyewe ilitokea huko huko, Joseph Glidden wa Illinois alipata hataza yake mwaka 1874 kwa ajili ya ng'ombe wa nyika zao. Leo wenyewe ndio wanaowashauri wafugaji waondoe miba juu na chini. Sisi tunaendelea kununua roli.

Mzee wa Doria

Vijana hamjambo. Nimestaafu kazi ya askari wanyamapori, nimezunguka upande huu wa pwani tangu Saadani ikiwa pori la akiba, kabla ya kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Naongeza matatu ambayo hamjayagusa.

La kwanza, mnaongelea wenye kwato tu. Seng'enge inakamata usiku kuliko mchana. Bundi anashuka kumfuata panya, macho yako kwenye panya, bawa linapita kwenye waya. Popo wa matunda ndio kabisa. Yule akigusa mwiba mmoja anaanza kupiga mabawa na kuzunguka, utando wa bawa unajiviringisha kwenye waya mara tatu, mara nne, mpaka huoni wapi ngozi inaishia na wapi waya unaanza. Asubuhi jua likimkuta hapo ndiyo basi. Na ukimkuta hai usimshike kwa mkono mtupu, popo anaweza kubeba virusi vya jamii moja na kichaa cha mbwa. Mfunike kitambaa kizito, ukate waya huku na huku, mpeleke na kipande chake kwa daktari wa mifugo. Ukimvuta unachana bawa, na bawa likichanika mmemuua kwa huruma.

La pili, mbwa. Wawindaji haramu wanaujua uzio kuliko mwenye uzio. Wanawafukuza wanyama kwa mbwa kuelekea kwenye kona. Mnyama anayekimbizwa hapimi urefu. Wewe uko Dar umejenga ukuta wa kuwindia watu wasiokuwa hata na bunduki.

La tatu ndilo linaniuma zaidi. Seng'enge isiyo na mlinzi haikai. Inakatwa, inafunuliwa, miba inatolewa, inabaki waya mwembamba mzuri kabisa wa kutengenezea vitanzi. Mtego wa kitanzi hauchagui. Umetegewa pongo, anaingia chui, anaingia simba mguu, anaingia mtoto wa tembo mkonga. Tumeng'oa mitego porini ambayo ukiitazama vizuri unaona kabisa alama za pale miba ilipokuwa. Kwa hiyo uzio wako unaweza kuua kilomita nyingi kutoka ulipo.

Bushiri wa leo

Shikamoo mzee. Hilo la vitanzi sikulijua, naondoa utani wangu wa mwanzo.

Kijana wa Makofia

Shikamoo mzee. Nikimkuta mnyama yu hai kwenye waya nifanye nini? Maana wengi tunakimbilia kuvuta.

Mzee wa Doria

Marahaba. Kwanza piga simu: TAWA (mamlaka ya wanyamapori), TANAPA kama ni jirani na hifadhi ya taifa, au afisa wanyamapori wa wilaya. Nyati, ngiri mkubwa, chui, hao usiwasogelee kabisa, wanaua. Mdogo kama funo, kama msaada uko mbali: ondoa watu na mbwa, nyamazeni. Nenda kwa nyuma, mfunike kichwa na macho kwa kanga au shati, akikosa kuona hutulia. Usikate waya ulio karibu na mwili ukiwa umekazwa, utakuruka usoni. Legeza kwanza kwenye nguzo, kisha kata kwa koleo pande zote mbili.

Na mjue hili: swala na jamaa zake wakihangaika kwa muda mrefu, misuli inajiharibu yenyewe ndani. Unamfungua, anakimbia, mnapiga makofi, baada ya siku mbili tatu anakufa vichakani. Ndiyo maana daktari akiwepo ni bora, na ndiyo maana dawa ya uzio ni kwenye uzio wenyewe.

Mmiliki Hekari

Naona mmenisema bila kunitaja. Mimi ni mmoja wa hao wa Dar, nina eneo Fukayosi. Ngoja niwaambie kwa nini tunaweka seng'enge. Nimenunua kihalali, nimerudi baada ya miezi kadhaa nimekuta mtu amelima ufuta, mwingine amechoma mkaa, wa tatu ameshauza robo kwa mtu wa nne. Nyie mngefanya nini? Uzio ni ujumbe kwamba hapa pana mwenyewe. Pongo namhurumia lakini kesi ya ardhi inakula miaka.

Wakili Msomi Uchwara

Bosi, hoja yako ni ya kweli kabisa, watu wameumia. Ila tofautisha mambo. Kinachosimama mbele ya baraza ni hati, ramani ya upimaji na mawe ya mpaka. Seng'enge haijawahi kuwa hati, na mvamizi mzoefu anaikata kwa koleo la elfu kadhaa. Kama unataka ionekane pana mtu, fyeka mpaka, weka bango, weka mlinzi, panda kitu. Eneo lenye seng'enge na majani ya kiunoni linatangaza kwamba mwenyewe hayupo.

Mmiliki Hekari

Mlinzi nimewahi kuweka. Ndiye aliyeuza robo.

Bushiri wa leo

😂😂😂 Jamani.

Mkonge Damu

Natokea Tanga mjini, niruhusuni niingize la kwetu. Mnababaika na waya wakati mmekalia mkonge! Dkt. Hindorf, yule Mjerumani mtaalamu wa kilimo, alipoleta miche yake mwaka 1893, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe pale Pangani, na nchi nzima ikaishi juu ya mgongo wake miaka mingi. Wazee walipanda safu mbili za mkonge kwenye mpaka, ukikomaa ng'ombe hapiti, mtu akipita anatoka na alama. Lakini pongo anajua pa kupenya, ndege anajenga, na haukatwi ukawa kitanzi. Wengine wanapanda minyaa, wengine mbono kaburi. Minyaa iangalieni tu utomvu wake, ukiingia jichoni ni balaa. Ubaya wa mkonge ni uvumilivu, unataka miaka. Mtu wa Dar anataka uzio ufike kabla ya gari lake kugeuza.

Fundi Nguzo Handeni

Mkonge Damu uko sahihi, ila wateja wangu ukiwaambia miaka mitatu wanakata simu. Ninachofanya ni kuchanganya: waya laini nyaya mbili sasa hivi, mkonge chini yake. Mkonge ukishika, waya unaondoa ukautumie kwingine.

Athi Kapiti

Habari zenu ndugu. Mimi ni Mkenya, nafuatilia tu, lakini hapa inabidi niseme. Mnayoyaanza sisi tumeyamaliza. Mbuga ya Nairobi iko wazi upande wa kusini, na nyumbu walikuwa wakitoka kwenda tambarare za Athi-Kaputiei, Kitengela huko, kuzalia wakati wa mvua, kisha wanarudi. Watu wakauza mashamba vipande vipande, kila mmoja akaweka ua wake. Hakuna aliyeamua kuwaua nyumbu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya elfu ishirini, ilipofika 2011 hawakufika elfu tatu. Ua mmoja haukuwa shida. Shida ni kwamba kila mwenye ekari tano alisema yangu ni ndogo tu.

Na Botswana ni hadithi ya zamani zaidi, waliweka nyuzio ndefu za kuzuia magonjwa ya ng'ombe, ule wa Kuke ulijengwa 1958. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipokuja, nyumbu wa Kalahari walikwenda kutafuta maji wakakuta waya. Walikufa kwa makumi ya maelfu.

Kijana wa Makofia

Asante sana ndugu Athi. Na hapa ndipo ninapoogopa. Saadani haina uzio, na wanyama wake hawajasoma ramani ya hifadhi. Kiangazi wanasogea kwenye maji, Wami na vijito vyake. Kuna njia yao ya kale kati ya Saadani na pori la Wami-Mbiki, tembo, nyati na kongoni wamekuwa wakiipita, na sasa katikati yake kuna vijiji, barabara kuu ya Chalinze–Segera na mashamba ya watu. Watafiti waliiorodhesha miongoni mwa shoroba, yaani mapito ya wanyama, zilizo hatarini zaidi nchini tangu mwaka 2009. Kila eneo linalozungushiwa upande wa Mandera na Miono ni kipande kimoja zaidi.

Wakili Msomi Uchwara

Na kanuni zipo, za mwaka 2018, kuhusu shoroba, maeneo ya mtawanyiko na maeneo ya kinga. Zinatoa utaratibu wa kuitambua na kuitangaza shoroba na kuweka masharti ya matumizi ya ardhi humo. Lakini kabla haijatangazwa, mwenye ardhi anabaki na dhamiri yake na fundi wake.

Dada wa Mkalamo

Wifi zangu na kaka zangu, naona wanaume tu wanapimana nyaya. Mimi nalima upande wa Pangani, tembo wa Saadani tunajuana kwa majina. Nimjibu Mkulima wa Miono, maana tangu juzi mnamzunguka tu.

Kaka, kwa tembo, acha waya kabisa. Sisi tuna kikundi, tunafunga kamba ya katani kuzunguka shamba, tunatundika vitambaa vilivyopakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa ya kusaga. Vaa kitambaa mdomoni unapochanganya, utanishukuru. Mvua ikinyesha unarudia, hapo ndipo uvivu unapotuponza. Wengine wametundika mizinga ya nyuki, mmoja kila mita kumi hivi, imeunganishwa kwa waya laini; tembo akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, anakimbia mbio hata kama ana njaa. Dkt. Lucy King ndiye aliyeifanyia utafiti Kenya, na asali unauza. Ila mzinga mtupu haumtishi mtu, lazima nyuki waingie, na nyuki wanataka maji na maua karibu.

Kwa nguruwe sitakudanganya. Sisi tunalinda usiku kwa zamu, tunafyeka mita kadhaa pembeni mwa shamba maana nguruwe hapendi uwazi, na mihogo michungu tunaipanda pembezoni. Inapunguza. Haiishi.

Mkulima wa Miono

Dada ahsante, wewe ndiye wa kwanza kuniongelesha kama mkulima. Hiyo ya kufyeka pembeni nitafanya. Zamu ya usiku huku watu wamechoka, vijana wote wako kwenye bodaboda.

Ndege Mrefu

Kwa wale ambao seng'enge wameshaweka na hawana hela ya kuanza upya, nyongeza ndogo. Huko Australia, ambako zaidi ya aina 70 za wanyama zimeshakutwa kwenye seng'enge, wengi wao popo na wanaoruka usiku, wanachukua mpira wa maji uliochakaa, wanaupasua kwa urefu na kuuvalisha waya wa juu. Miba inafunikwa. Huna haja ya uzio mzima. Anza panapopita mnyama: palipo na kijia, karibu na mti wenye matunda, kando ya mto, kwenye kona. Miembe na mikorosho yenu inazaa lini mnajua wenyewe, na popo wanajua pia.

La pili, vipande vyeupe. Kata ndoo kuukuu au dumu la plastiki vipande vya kiganja, tundika kwenye waya wa juu kila mita moja. Idaho, Marekani, walifanya hivyo kwa ndege wao wa nyikani waliokuwa wanagonga waya, vifo vikapungua sana. Pongo akiuona waya anaupimia vizuri.

Fundi Nguzo Handeni

Mpira wa maji nauthibitisha, nimeuweka kwa mteja mmoja kwa sababu ya farasi. Jua la kwetu linaula baada ya muda, ila mpira haukosekani.

Nami nina ombi kwa wenye maeneo matupu kama Mmiliki Hekari. Mkuu, kama huna mfugo ndani, hizo nyaya zinamzuia nani? Toa waya wa juu na wa chini, uache nyaya mbili katikati kama alama ya mpaka, au legeza kabisa upande mmoja. Geti liache wazi mnyama atoke. Hata ukiniita nitakutoza siku moja tu ya kazi, na waya unabaki wako, usimwachie mtu porini akaenda kutengeneza vitanzi vya mzee.

Mzee wa Doria

Hicho cha mwisho kikaziwe. Waya uliotolewa ukunjwe, upelekwe nyumbani. Waya uliolala kwenye majani ni mbaya kuliko uliosimama, mnyama anaukanyaga na kuuburuza mguuni.

Mmiliki Hekari

Nimesoma yote. Wa juu na wa chini nitatoa, nyeupe nitatundika, mkonge nitapanda masika ijayo kama Mkonge Damu ataniuzia miche kwa bei ya kibinadamu. Fundi nitumie namba kwa ujumbe wa faragha. Lakini geti haliachwi wazi, hilo msahau. Mchoma mkaa atapita na fuso.

Fundi Nguzo Handeni

Nimekutumia bosi. Geti tutaliongelea tukifika, kuna namna ya kuacha nafasi ya mnyama pembeni mwa nguzo ambayo fuso haiingii. Njoo na koleo lako, langu jirani ameazima.